Hadubini ya USB mikononi mwa watoto wa miaka sita

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma huku kengele inakaribia kulia. Hadubini ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, ile ya mkononi yenye umbo la kalamu nene na duara la taa nane mdomoni, inawafaa sana watoto wadogo wanaochunguza wadudu. Stendi yake ni ya hovyo. Kitufe cha kupigia picha kimewekwa mahali pabaya kuliko pote. Maandishi ya kwenye boksi yametiwa chumvi hadi yanawasha ulimi. Pamoja na hayo yote naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nimeinyima kwa ajili ya boksi. Stendi na kitufe nimeshavisamehe.

Sitaji kampuni, kwa kuwa hadubini hizi zina umbo lilelile na huuzwa kwa majina chungu nzima. Ukiona moja umeona karibu zote. Mimi naitumia na watoto wa miaka sita na saba, darasa lililojaa, kompyuta moja, projekta moja, na vishikwambi vichache vinavyozunguka vikundi kwa zamu. Wenye kishikwambi kwa kila mtoto wana matatizo ya aina nyingine, nao wataandika ya kwao.

Kinachonipendeza katika kifaa hiki ni kwamba hakijui kitu. Ukikielekeza kwa mdudu hakikutajii jina, hakikupigii makofi, hakikupi beji. Kinakuonyesha mguu mkubwa kuliko ulivyouzoea, basi. Kazi iliyobaki ni ya mtoto. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama; nadhani hawakufundisha watoto wa miaka sita. Hawa huambiwa, tena na tena, na mwalimu huchoka mapema kuliko wao. Picha ya jicho la nzi ikijaa ukutani, nanyamaza, na wao wanatazama.

Turudi kwenye boksi. Limeandikwa kwamba kifaa kinakuza mara 50 hadi 1000. Ndani ya ganda lile mna kamera ndogo, jamaa ya ile iliyo juu ya kioo cha laptopu, pamoja na lenzi inayosogea ukizungusha pete. Hakuna lenzi za kubadilisha kama kwenye hadubini za maabara. Ukubwa wa picha unategemea mdudu yuko umbali gani na mdomo wa kifaa, na skrini unayotazamia ina upana gani. Ukihamisha picha ileile kutoka kwenye laptopu kwenda ukutani, kwa hesabu umekuza zaidi, ila hujaona hata unywele mmoja wa ziada. Namba kubwa ya kwenye boksi hupatikana kwa njia kama hiyo: programu inaivuta picha iliyokwisha kuchukuliwa, nayo inabaki na ukungu uleule, mpana zaidi.

Kujua ukweli ni rahisi. Weka rula ya plastiki chini ya hadubini, zungusha pete mpaka vistari vionekane wazi, kisha hesabu milimita zilizoenea kutoka ukingo mmoja wa skrini hadi mwingine. Picha yenye upana wa sentimita 30 ikionyesha milimita 6, umekuza mara 50. Pete hizi zina sehemu mbili ambapo picha hutulia: moja kifaa kikiwa mbali kidogo, nyingine mdomo ukiwa karibu kugusa kitu. Katika ile ya pili yangu inaonyesha kama milimita moja na nusu, yaani mara 200. Mwisho wa safari ni hapo. Mara 1000 ya kweli ingekuwa kujaza skrini nzima kwa chini ya theluthi moja ya milimita, na hiyo sijaiona.

Watoto wa umri huu hawagawanyi 300 kwa 6, lakini kuhesabu vistari ukutani kwa sauti wanapenda mno. Kwa hiyo rula imekuwa sehemu ya kila picha yetu: ukingo wake lazima uonekane pembeni ya mdudu. Sheria hiyo ndogo imetuondolea ugomvi mwingi. Kabla yake kila kikundi kilidai mdudu wake ndiye mkubwa, kwa sababu kwenye skrini wote huonekana wakubwa sawa.

Na kusema kweli mara 200 huihitaji mara chache. Sehemu kubwa ya kazi ya wadudu iko chini ya mara 50, ambapo mdudu mzima, au angalau kichwa na kifua, anaingia kwenye picha. Hapo mtoto anaweza kuhesabu miguu sita, akaona kwamba yote imetokea kifuani wala si tumboni, akatafuta vipapasio, akaona mbawa zimeshikamana wapi. Buibui aliyekufa akiletwa, hoja inajimaliza yenyewe: miguu minane, hana vipapasio, kichwa na kifua vimeungana kuwa kitu kimoja. Sijawahi kulazimika kuwaambia kwamba huyu ni wa ukoo mwingine. Huanza wao kunitilia shaka: "Mwalimu, huyu amezidi."

Hadubini inapong'ara hasa ni pale kwenye vitu ambavyo macho hayakuweza kuvipata yenyewe. Mguu wa nzi ukitazamwa mwishoni una kucha mbili, na chini ya kucha kuna vitakia viwili vyenye vinyweleo laini vinavyomshikilia kwenye kioo. Mtoto aliyemwona nzi akitembea kichwa chini juu ya dari maisha yake yote anapata jibu bila mtu kumwambia. Bawa la kipepeo, ambalo huwaachia vumbi vidoleni, kumbe ni vigamba vilivyopangwa kwa safu, kimoja kikilalia kingine, na rangi yote iko kwenye vigamba hivyo; pale vilipopukutika bawa ni utando mtupu unaoonyesha upande wa pili. Panzi ana sikio ubavuni, kwenye pingili ya kwanza ya tumbo, chini ya bawa. Hilo huzua kelele ambayo mwalimu wa darasa la jirani hulalamikia. Nyuki ana macho matano: mawili makubwa ya pembeni yenye vinyweleo juu yake, na matatu madogo kichwani kati. Ukitaka kuyaona yale matatu inabidi uzisogeze nywele zake kwa ncha ya brashi, na hapo niseme mapema kwamba nyuki aliyekufa bado ana mwiba, na mwiba unachoma. Yeye hushikwa na mwalimu, kwa kibano.

Somo langu nilipendalo kuliko yote ni sisimizi na mchwa, mmoja mmoja, ndani ya picha moja. Kwa macho watoto husema ni ndugu. Kwenye skrini sisimizi ana kiuno chembamba sana na vipapasio vilivyopinda katikati. Mchwa hana kiuno cha kutajwa, na vipapasio vyake vimenyooka, shanga juu ya shanga. Ukipata mbawa za kumbikumbi zilizodondoka, ongeza: zote nne zina urefu unaokaribia kulingana, ilhali sisimizi mwenye mbawa ana za mbele ndefu kuliko za nyuma. Wakishayaona hayo ndipo ninapowaambia kwamba wataalamu wamemweka mchwa katika kundi moja na mende. Huwa hawaamini, na siku zinazofuata hunyoosha mikono wakinipa sababu za kupinga. Sababu hizo huzitoa kwenye picha, si hewani, nami sidai zaidi ya hapo.

Sasa kasoro. Stendi ni ya plastiki, nyepesi, na shingo yake inalegea. Hadubini ikiwa imekuza mara 50, mtoto akiegemea meza tu mdudu anahama skrini nzima. Nimeifunga stendi kwenye ubao mzito kwa gundi ya karatasi na tangu hapo tunaelewana. Kitufe cha kupiga picha kiko juu ya kifaa chenyewe, kwa hiyo ukikibonyeza unaitikisa, na picha inatoka na ukungu. Dawa ni kukisahau na kupiga picha kwa kubonyeza kwenye kompyuta. Taa nazo zina kigurudumu cha kupunguza mwanga kwenye waya, na kigurudumu hicho ni muhimu kuliko kinavyoonekana: mgongo wa mbawakavu unang'aa, na taa nane zikiwa kali utaona vidoa vinane vyeupe badala ya mdudu. Punguza mwanga, au zungushia mdomo wa hadubini kipande cha karatasi nyembamba nyeupe ili mwanga usambae. Karatasi hiyo imetupatia picha bora kuliko chochote kilichokuja ndani ya boksi.

Ile diski ya programu inayokuja nayo usihangaike nayo. Kompyuta nyingi za sasa huiona hadubini kama kamera ya kawaida. Fungua programu ya kamera iliyomo na uchague hadubini. Kompyuta itafungua kwanza kamera yake ya juu ya kioo, darasa zima litajiona ukutani, na utapoteza muda wa kutosha kuwatuliza. Chomeka projekta baada ya kubadilisha kamera, siyo kabla.

Zipo pia za Wi-Fi, zisizo na waya, ambazo wauzaji huzisifu kwa ajili ya vishikwambi. Mimi ningeziacha. Kwa kawaida hadubini ya aina hiyo hurusha mtandao wake yenyewe, na kishikwambi kikishajiunga nao huwa hakiko kwenye intaneti ya shule, kwa hiyo unahama huku na huko kati ya kupiga picha na kutuma. Halafu kuna betri ya kuchaji. Waya unakera, lakini hauishiwi chaji katikati ya somo.

Wadudu hai ni mtihani mwingine. Sisimizi hakai. Wapo walimu wanaomweka mdudu kwenye friji kwa dakika chache ili apungukiwe na kasi, na ni kweli inafanya kazi, kwa kuwa joto la mwili wake hufuata la mahali alipo. Mimi sifanyi hivyo mbele ya watoto. Nawajua wanafunzi wangu, na najua friji za nyumbani zina sehemu ya kugandisha. Natumia tone moja la maji ya sukari kwenye kifuniko cha plastiki: sisimizi akilifikia anasimama, anainama, anakunywa, na kwa muda huo unaona taya, unaona vipapasio vikigusa huku na huku, na ukiwa na bahati unaona tumbo likijaa. Rekodi video hapo, usipige picha. Baadaye anarudishwa alikotolewa, na anayemrudisha ni aliyemleta.

Mizoga ndiyo mali. Kingo za madirisha zina nzi, nyuki na nondo waliokauka bila kuguswa, na magamba yaliyovuliwa na mende au nyenje ni mazuri kupita kiasi kwa sababu yana kila kitu isipokuwa mwenyewe. Nyigu, siafu, viwavi wenye manyoya na mbawakavu tusiowajua hatuwashiki kabisa. Hao hupigwa picha kwa kishikwambi wakiwa walipo, nasi tukiwa tulipo.

Kabla ya kupiga picha yoyote, watoto huchora. Nimeulizwa na wenzangu kwa nini nipoteze muda kuchora wakati mashine inapiga picha kwa sekunde. Kwa sababu picha inachukua kila kitu bila kuchagua, na mtoto anayechora lazima aamue mguu huu unaanzia wapi. Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647, alianza kufuga viwavi vya hariri akiwa na umri wa miaka 13 na kuchora kila hatua, kutoka yai hadi nondo, wakati ambapo watu wengi bado waliamini wadudu huzuka wenyewe kwenye uchafu. Mwaka 1699 alivuka bahari hadi Suriname kuendelea na kazi hiyohiyo. Nawasimulia habari zake hasa kwa ajili ya ule umri wa miaka 13, ambao kwao ni utu uzima lakini si uzee. Halafu wanarudi kwenye penseli wakiwa na heshima kidogo.

Baada ya mchoro inakuja picha, na baada ya picha sauti. Nawashauri wenzangu wakazie hapa kuliko penginepo. Mtoto wa miaka sita atakaa na kalamu kipindi kizima na kukuletea "nzi ana miguu". Mpe kitufe cha kurekodi, ataongea bila kuvuta pumzi: miguu ina nywele, mguu mmoja umekatika, huyu alikuwa dirishani, macho yake ni mekundu lakini ukipunguza taa yanakuwa ya kahawia, na kwa nini mdomo wake uko hivi. Yote hayo alikuwa ameyaona. Kilichomshinda ni herufi. Tunatumia Book Creator, programu ya kutengeneza vitabu ambamo ukurasa mmoja unabeba picha, mchoro wa mkono, maandishi na sauti kwa pamoja. Kila kikundi kina ukurasa wake: picha ya hadubini yenye ukingo wa rula, mshale mmoja au miwili uliochorwa kwa kidole juu ya kioo, na sauti. Maandishi ni sentensi moja tu, na wanaichagua wenyewe baada ya kusikiliza walichosema. Wengi hushangaa kusikia kwamba wamesema mengi hivyo.

Kitabu kikikamilika kinaoneshwa ukutani kwa darasa lingine. Nina kanuni moja kwa wasikilizaji: badala ya kusema "uongo", wanasema "nionyeshe". Kikundi kimoja kilitangaza kwamba nzi wa nyumbani ana meno. "Nionyeshe," akasema binti mdogo wa mstari wa mbele. Wakapekua picha zao zote, wakakuta mdomo mnene usioonyesha jino lolote, umepanuka chini kwa ajili ya kufyonza, na wakaurekebisha ukurasa papo hapo, mbele ya wageni, bila mimi kufungua kinywa. Kurekodi upya sauti ni kubonyeza mara mbili. Kwenye bango la karatasi wangelia.

Kuhusu kuwapelekea wazazi: picha za wadudu zinakwenda, sura za watoto hazikwendi. Sauti ni jambo la kuombea ruhusa ya mzazi, kwa sababu mtoto hujitaja, humtaja kaka yake na mahali anapoishi kabla hujamzuia. Kama picha zimepigwa kwa kishikwambi nje, zima kwanza kipengele cha mahali kwenye kamera; la sivyo kila picha ya kipepeo inabeba ndani yake ramani ya uwanja wa shule.

Na jina la mdudu? Hilo nimeliweka mwisho kwa makusudi, na hapa najua tutagombana. Siku hizi programu inaweza kumtambua mdudu kwa kumwelekezea kamera, na watoto wanaijua kabla yetu. Ninayoiamini darasani ni Seek, iliyotengenezwa na watu wa iNaturalist, mradi ulioanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwa watoto wadogo ina mambo mawili makubwa: haidai kujisajili, na utambuzi wenyewe unafanyika ndani ya kifaa, hivyo intaneti ikikatika bado inafanya kazi. iNaturalist yenyewe, ambapo watu huweka kumbukumbu zao hadharani, si ya umri huu. Hiyo mwalimu aitumie yeye.

Seek ina kitu kimoja ninachokipenda kuliko usahihi wake. Juu ya skrini kuna nukta, na zinajaa moja baada ya nyingine kadiri inavyokuwa na uhakika: mnyama, kisha arithropodi (wenye miguu ya viungo, buibui wakiwemo), kisha mdudu, na kushuka hivyo hadi spishi. Mara nyingi inasimama njiani. Wadudu waliokwisha kuelezwa na wanasayansi wanakaribia spishi milioni 1, mbawakavu peke yao wamepita 350,000, na wengi hawatofautishwi kwa picha bali kwa kumgeuza mdudu chini ya hadubini kubwa. Kwa hiyo programu inaposema "mbawakavu" na kunyamaza, inawafundisha watoto kwamba kutojua kuna ngazi zake. Hilo ni somo zito kwa bei ya nukta chache.

Lakini ikitangulia, inaharibu. Mpe mtoto kishikwambi chenye utambuzi kabla ya hadubini: ataelekeza, atapata jina, atakurudishia. "Mwalimu, nimemaliza." Muulize mdudu alikuwa na mbawa ngapi, atatazama dari. Programu haina kosa, imefanya iliyoundwa kufanya. Aliyekosea ni aliyepanga ratiba. Kwetu utambuzi huja baada ya mchoro, picha na sauti, na kabla ya kubonyeza kila kikundi hutabiri: ni ndugu wa nani, na kwa nini? Jina likija wanalipima kwa ukurasa wao. Wakati mwingine wanalikataa, na wamewahi kuwa sahihi, maana walikuwa wamehesabu mbawa na mashine ilikuwa imeona rangi tu. Nzi wapo wanaojifanya nyigu kwa mistari ya njano na nyeusi, ila nzi ana mbawa mbili na nyigu ana nne. Mtoto aliyezitazama mbawa kwenye skrini hadanganyiki kirahisi.

ScratchJr nitaitaja kwa ufupi. Ni programu ya watoto wa miaka mitano hadi saba, ilitoka mwaka 2014, na amri zake ni vibao vya picha visivyohitaji kusoma. Tunaitumia kwa hatua za ukuaji: mtoto anachora yai, kiwavi, pupa na kipepeo, na kila kimoja kinatoweka ili kingine kitokee. Inapendeza, inakula muda, na haiongezi uchunguzi mpya. Faida yake kubwa ilikuwa ugomvi. Mtoto mmoja alimtengenezea panzi pupa, kwa sababu kipepeo anayo. Mwingine akamwambia panzi hutoka kwenye yai akiwa tunutu, anavua gamba na kukua, na hapiti kwenye pupa. Wakaleta gamba la panzi lililokuwa kwenye kopo letu, wakaliweka chini ya hadubini, wakaona vijibawa vifupi vilivyoanza kuota. Panzi akanyang'anywa pupa yake. Ukiwa na muda mchache, iache ScratchJr na ubaki na kitabu cha sauti.

Nani asinunue hadubini hii? Mwenye darasa lisilo na projekta wala skrini kubwa afikiri mara mbili. Kwenye laptopu ya kawaida wanaona vizuri watoto watano, wa sita anaona kisogo. Kwa hali hiyo lenzi za mkononi za kukuza mara 5 au 10, moja kwa kila watoto wawili, zitafanya kazi kubwa zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Mwenye vishikwambi tu, bila kompyuta, athibitishe kwanza kwamba vinakubali kamera ya nje kupitia tundu la chaji. Vingine vinakubali, vingine vinatoa tu umeme na taa za hadubini zinawaka bila picha yoyote. Mwanafunzi wa sekondari anayetaka kuona seli hapa hapamhusu, atafute hadubini ya maabara yenye mwanga unaopita kutoka chini.

Na lenzi zile za kubana kwenye simu? Zinafaa nje, kwa mdudu aliye kwenye jani. Darasani zinashindwa kwa sababu ya mikono: simu, lenzi, mdudu na mtoto, vyote vinatikisika.

Kuhusu uimara, waya ndio utakaokufa kwanza, pale unapoingia kwenye kifaa, kwa sababu watoto hukinyanyua kwa kuuvuta. Funga mkunjo wa waya kwenye shingo ya stendi ili mvuto uishie hapo. Kioo cha mbele kinachafuka kwa maji ya sukari. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usitumbukize. Ile pete ikianza kuwa nzito, ni chembe za mchanga, na brashi kavu inatosha.

Ukibakiwa na fungu kidogo baada ya kuinunua, usinunue hadubini ya pili. Nunua stendi ya chuma. Halafu nunua rula zenye milimita zinazosomeka vizuri, na uifiche moja, kwa sababu zitapotea.